Jinsi ya kuandika maoni ya kurekebisha sheria ya wakimbizi, tulivyofanya sisi hapa Mwanza

Mimi hii sheria nilianza kuifuatilia kwa sababu ya dagaa, wala sio siasa. Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba kuna wateja wa kila aina, Warundi, Wanyarwanda, Wakongo, wanabeba dagaa magunia kwa magunia, na kati yao kulikuwa na jamaa mmoja wa Bukavu, Kongo, tulizoeana kabisa, akija lazima apite kijiweni kwetu anywe chai ya maziwa na sambusa mbili. Sasa huyu bwana aliingia nchini kihalali kabla ya Krismasi ya 2024, karatasi zake zote anazo, mzigo unakusanywa polepole maana mwezi ukiwaka dagaa hazivuliki, halafu Januari 2025 waasi wa M23 wakachukua Goma, Februari wakachukua na Bukavu. Kwao hakurudiki tena. Akaja akaniuliza, we si ndo unajuaga mambo ya sheria, mi naweza kuomba hifadhi nikiwa hapa hapa?

Nikamwambia ngoja nikuangalizie. Nikaangalia, nikakuta sheria yetu inamtaka anayetafuta hifadhi ajitokeze kwa mhusika ndani ya siku 7 tangu aingie nchini. Yeye ana miezi miwili. Ofisi moja aliyoenda kuuliza (siitaji) mtu alimjibu neno moja tu, umechelewa. Sasa amechelewa nini jamani wakati siku anaingia vita ilikuwa haijafika kwao?

Mimi ni msaidizi wa kisheria, sio wakili, nasema mapema ili mtu asije akanipa sifa zisizo zangu. Kesi ya yule jamaa ilienda kwa wakili na siwezi kuieleza zaidi ya hapo. Lakini swali lake lilinikaa kichwani, tukakusanyana watu sita tukasema tuandike maoni ya kurekebisha hii sheria, maana kila siku tunasikia maombi ya hifadhi yanaongezeka, dunia nzima mwisho wa 2024 waliokimbia makwao walikuwa wamefika milioni 123, na kila nchi inasema inabadilisha sheria yake. Basi na sisi tuseme letu. Haya ninayoandika ni namna tulivyofanya, na makosa tuliyofanya, ili wewe wa Bukoba au Musoma au Sengerema usianze sifuri. Kama wewe mwenyewe ndo unahitaji hifadhi acha kusoma hapa, kaonane na mtu wa msaada wa kisheria leo hii, siku zinahesabika.

Ipate sheria yenyewe kwanza

Usicheke, nusu ya kikundi chetu walikuja kikao cha kwanza wana maoni tayari na hakuna aliyekuwa ameisoma. Sheria ya Wakimbizi ni Namba 9 ya 1998, kwenye vitabu vya sheria ni Sura ya 37. Iliichukulia nafasi ile ya 1966 ambayo hata jina lake lilikuwa la kudhibiti wakimbizi, kwa hiyo unaona mawazo ya wakati ule yalikuwa wapi. Kuna na Sera ya Taifa ya Wakimbizi ya 2003, hiyo sio sheria ila inakuambia serikali ilikuwa inafikiria nini. Angalia pia toleo: kuna Toleo la Urekebu (sheria zote zilizochapwa upya pamoja na marekebisho yake) la 2023 lililoanza kutumika Julai 2025, kwa hiyo namba za vifungu ninazotaja hapa ni zile watu walizozoea kuzitaja, wewe zihakiki kwenye nakala yako, maana ukikosea namba mtu wa kamati anajua hujasoma na karatasi yako inaenda chini ya rundo.

Printi. Usisomee kwenye simu. Pale karibu na stendi fotokopi ni bei ya karanga, na sheria yenyewe sio nene, chukua penseli uanze na vifungu vichache badala ya kumeza yote. Kifungu cha 4 kinasema mkimbizi ni nani, na ndani yake kuna kitu kikubwa sana nitakirudia, kwamba Waziri anaweza kutangaza kundi zima la watu kuwa wakimbizi kwa mpigo. Cha 9 ndo kile cha kujitokeza na siku zake. Cha 16 na 17 ni maeneo yaliyotengwa, yaani kambi, na kwamba mtu hatoki bila kibali. Cha 32 ni kazi. Halafu kuna sehemu ya kamati ya taifa inayopitia maombi ya mmoja mmoja na kumshauri Waziri, soma taratibu, uone nani anaamua na ukikataliwa unaenda wapi. (Unarudi kwa Waziri. Hilo peke yake linatosha kuandikia maoni kurasa mbili.)

Pembeni ya sheria yetu weka mikataba mitatu: ule wa Geneva wa 1951, itifaki yake ya 1967, na mkataba wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969. Hii ndo kuta za nyumba. Ndani ya kuta unaweza kuhamisha kitanda unavyotaka lakini ukuta huugusi, na ukuta mkubwa kuliko yote ni kwamba humrudishi mtu kwa nguvu kwenye hatari aliyoikimbia. Mmoja wetu, dereva wa lori la Ngara na Kakonko, alikuja na pendekezo la "tufunge mpaka maombi yakizidi idadi fulani". Hatukumfukuza kikaoni, tulimwonyesha kwamba hilo tukiliandika maoni yote yanatupwa kwa sababu linavunja mkataba ambao nchi imesaini, na tukamuuliza wewe kinachokuuma hasa ni nini? Kumbe kinachomuuma ni watu kukaa miaka bila kujibiwa na wengine kutoroka kambini wakiwa hawajulikani ni nani. Hilo sasa linaandikika.

Ujue foleni inatokea wapi

Hapa ndipo penye nyama, tulitumia vikao vitatu hapa.

Mtu wa Mwanza foleni haambiwi. Kabla daraja la Kigongo na Busisi halijafunguliwa Juni 2025, wote tumekaa pale Kigongo tunangoja feri, jua linakuchoma, wauza mahindi wanakuzunguka, na gari za mbele hazisogei. Sasa fikiria enzi zile mtu angesema dawa ya foleni ni kuongeza polisi kwenye geti na kuwafokea wanaofika. Magari yangepungua? Yangejazana barabarani tu huko nyuma ambako huyaoni. Foleni ni hesabu ya wanaoingia kutoa wanaovushwa, basi. Kama kwa mwezi wanaomba hifadhi 1,000 na wenye kuamua wanamaliza 600, kila mwezi wanabaki 400, mwaka ukiisha una watu 4,800 ambao hawajui kama ni wakimbizi au sio, wanakula, wanaumwa, wanazaa, na hakuna sheria kali itakayofuta hiyo hesabu.

Kwa hiyo kila pendekezo tulilipitisha kwenye swali moja: hili linagusa wanaoingia, au wanaoamuliwa, au wanaotoka kwenye foleni? Kama haligusi popote ni hotuba, lifute. Mapendekezo yetu 23 ya mwanzo yalibaki 5.

Mzee wetu mmoja kwenye kikundi, mwalimu mstaafu, alikuwa anafundisha Ngara mwaka 1994. Mwisho wa Aprili mwaka ule, ndani ya kama saa 24, watu wanaokadiriwa 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda. Siku moja! Anasema asubuhi barabara ilikuwa barabara, jioni huoni lami, unaona vichwa na magodoro. Mama yetu wa dagaa naye akakumbushia upande wa ziwani, miili iliyoletwa na mto Kagera mpaka Victoria, watu walivyoacha kula samaki, biashara ikafa. Nikawaambia tufanye hesabu. Tuseme ofisa mmoja anahoji watu 4 kwa siku, na hapo ana bidii, maana kuna mkalimani katikati na maelezo lazima yaandikwe. Watu 250,000 kwa 4 ni siku za kazi 62,500. Weka maofisa 100, bado ni siku 625, zaidi ya miaka miwili kamili kama hakuna mtu mwingine hata mmoja ataingia. Haiwezekani.

Ndo maana ile nguvu ya kutangaza kundi zima ni ya thamani sana. Mtu anatoka nchi fulani, wakati fulani, kwa sababu inayojulikana na kila mtu, unamwandikisha na kumtambua, unaendelea na anayefuata, na wale wenye mashaka ya silaha au makosa ya jinai unawatoa pembeni uwachunguze. Warundi waliokuja kuanzia 2015 walipokelewa kwa njia hiyo, halafu Januari 2017 ikasimamishwa, kuanzia hapo kila mtu ahojiwe peke yake. Angalia: sheria haikubadilika hata nukta, Bunge halikukaa, lakini foleni ilibadilika kabisa. Kwa hiyo usidhani kila rekebisho ni lazima liwe la sheria. Mengine yako kwenye kanuni au tangazo la Waziri, na hayo ni rahisi kuyaomba. Sisi tulipendekeza sheria iseme Waziri akitaka kusitisha utambuzi wa kundi atoe sababu kwa maandishi na notisi ya siku kadhaa, ili maofisa wajipange kabla mlima haujaota.

Na ukisoma takwimu za nchi za watu, soma kwa makini. Ujerumani mwaka 2015 maombi yaliyosajiliwa yalikuwa 476,649, mwaka 2016 yakawa 745,545. Ukiangalia haraka unasema mwaka wa pili watu walizidi. Wapi! Waliofika 2015 walikuwa kama 890,000 na 2016 kama 280,000, ila waliofika mwaka wa kwanza walikosa hata nafasi ya kuandikisha ombi, wakasogea mwaka uliofuata. Kwa hiyo "maombi yanaongezeka" inaweza kumaanisha watu wanaongezeka, au inaweza kumaanisha karani ameanza kufungua madaftari ya mwaka jana. Kabla hujaandika namba kwenye maoni yako jua ni namba ya nini. Na zile za kwenye magrupu ya WhatsApp zisizo na mwenyewe achana nazo kabisa.

Kaibe kwa jirani, ila angalia anachokiuza

Hakuna aibu kuiba wazo la sheria. Waganda wana Sheria ya Wakimbizi ya 2006, wanampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea, wenye makazi vijijini wanapewa kipande cha ardhi, na siku za kuomba ni 30, sio 7. Wana na bodi ya rufaa. Wakenya walitunga mpya 2021, nao siku zao 30. Hapo tu umeshapata hoja ya siku: majirani wawili tunaochangia nao ziwa moja wanatoa 30, sisi 7, na hakuna aliyewahi kutueleza hizi 7 zinapunguza nini. Mtu aliyechelewa haondoki, anajificha tu.

Ila Uganda usiichukue nzima kama ilivyo. Wanahifadhi zaidi ya milioni 1.5, wengi kuliko nchi yoyote Afrika, na vipande vya ardhi vinazidi kuwa vidogo, mgao wa chakula umekatwa mara kadhaa wafadhili walipopunguza hela. Ukipendekeza ardhi hapa bila kusema ardhi ipi, utapigwa swali hilo la kwanza na utakaa kimya. Najua kwa sababu nilikaa kimya.

Kenya kuna kitu kidogo mle ndani ambacho mimi ndo nakipenda kuliko vyote: mtu anayetoka nchi ya Afrika Mashariki anaweza kwa hiari yake kuachana na hadhi ya ukimbizi akakaa kwa haki za Jumuiya. Sasa fikiria Mwaloni. Burundi na Rwanda ziko kwenye Jumuiya tangu 2007, Kongo iliingia 2022. Jamaa wangu wa Bukavu ana mtaji, ana wateja, hahitaji mgao wa unga wa mtu, anachohitaji ni karatasi inayomruhusu kukaa na kuuza dagaa mpaka kwao kupoe. Sheria ikimfungulia huo mlango wa pembeni, nafasi yake kwenye foleni inabaki kwa mama aliyevuka Ziwa Tanganyika na watoto bila hata ndala. Lakini lazima iandikwe kwamba ni kwa hiari, na kwamba akiishiwa, haki ya kurudi kuomba hifadhi iko pale pale, la sivyo itageuka njia ya kuwafutia watu ukimbizi kijanja.

Mbali kidogo, Waswisi. Walipigia kura ya maoni mwezi Juni 2016, kama theluthi mbili wakakubali, ikaanza kutumika Machi 2019: ombi lisilo na utata limalizike ndani ya siku 140 pamoja na rufaa, na mwombaji anapewa wakili wa bure tangu siku ya kwanza. Watu wa kikundi walishangaa, wakili wa bure si ndo atachelewesha? Hapana bana. Wakili mzuri ana faida mbili, anapanga maelezo ya mteja yaeleweke mara moja, na anamwambia ukweli mapema kama kesi yake haina mguu. Anayejua kwamba alisikilizwa vizuri hakati rufaa mpaka dunia iishe.

Na Waingereza ni mfano wa kusomea makosa. Aprili 2022 walitangaza kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda, jirani yetu huyu huyu, Novemba 2023 Mahakama ya Juu yao ikasema hapana, kuna hatari watu wakarudishwa walikokimbia, Bunge likatunga sheria nyingine 2024 kusema Rwanda ni salama, Julai 2024 serikali mpya ikaingia ikafuta mpango. Serikali hiyo ilisema zimeshatumika pauni milioni 700 na walioenda ni wanne, tena kwa hiari. Wakati huo wote watu walikuwa wamekaa hotelini wanasubiri kusikilizwa. Mwalimu wetu akasema hiyo hela ungeajiri maofisa mpaka wakose viti.

Ulaya kwa ujumla wao nao walipitisha mkataba mpya 2024 wa kuanza kutumika Juni 2026, maombi yaamuliwe haraka mipakani, na nchi isiyotaka kuchukua sehemu yake ya watu inaweza kulipa euro 20,000 kwa kila mtu. Mi sio shabiki wa mambo yao yote ya mipakani, ila lile wazo la kugawana mzigo hata sisi tunalo, tena tangu zamani: mkataba wa OAU wa 1969 unasema nchi iliyoelemewa inaweza kuziomba nchi nyingine zisaidie kwa moyo wa mshikamano. Liko pale, karibu hakuna anayelitumia.

Kaa na wanaokupinga

Hii tulikosea mwanzo. Rasimu ya kwanza tuliandika kama vile kila Mtanzania anawafurahia wakimbizi, dereva wetu akaenda nayo Kibondo akawasomea watu anaolala kwao, akarudi nayo imechorwa chorwa. Kuni zimeisha. Mazao yanaibwa. Zahanati yetu foleni, kambini kuna daktari. Wametukuta na wametuacha maskini vile vile. Sasa usiandike maoni yanayowadharau hao, wao ndo wanaoishi nayo, wewe wa Nyegezi unawaona wakimbizi kwenye taarifa ya habari.

Historia yetu ina pande zote mbili na ni vizuri uioneshe yote. Nyerere alipewa tuzo ya Nansen (ile ya UNHCR kwa wanaosaidia wakimbizi) 1983 kwa namna nchi ilivyopokea watu. Warundi wa 1972 walipewa mashamba Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakafungua mapori, wakalima wakajilisha, na mwishowe zaidi ya 162,000 wakakubaliwa uraia, vyeti vikaanza kugawiwa 2014. Lakini Machi 1995 ni sisi hao hao tulifunga mpaka, na Desemba 1996 Wanyarwanda waliambiwa mwisho wa mwezi muwe mmeondoka. Anayekuambia Watanzania ni wakarimu tu au ni wakali tu, hajasoma.

Tukaongeza pendekezo la wenyeji: kila mradi wa maji, shule au zahanati unaojengwa kwa ajili ya kambi, sehemu yake iwe ya kijiji cha jirani na iandikwe kwenye sheria, isiachwe kwenye huruma ya mfadhili. Haliipunguzi foleni moja kwa moja, nakubali, linavunja kanuni yangu mwenyewe. Ila bila hilo hakuna mbunge wa Kigoma atakayesimama na wewe.

Sasa andika

Kifungu kimoja, ukurasa mmoja. Usiandike insha. Sehemu nne tu: kifungu kinasemaje sasa, kinaleta shida gani, maneno mapya unayopendekeza, na sababu. Ile ya tatu watu wengi wanairuka, wanaandika "sheria iangaliwe upya", haya iangaliwe na nani, iwe vipi? Andika maneno yenyewe hata kama sio ya kiwakili. Hii ndo ya kwetu ya kifungu cha 9, nimeifupisha:

Kifungu kilivyo: anayetafuta hifadhi ajitokeze ndani ya siku 7 tangu kuingia nchini.
Shida: haisemi wazi kuhusu mtu aliyeingia kwa biashara, masomo au matibabu na hatari ikamkuta akiwa tayari hapa. Maofisa wanaitafsiri tofauti tofauti.
Pendekezo: "Siku za kuwasilisha ombi zitakuwa 30. Kwa mtu aliyekuwa ndani ya nchi kabla ya hatari kutokea, siku zitahesabiwa tangu alipofahamu, au alipopaswa kufahamu, kwamba hawezi kurudi kwao kwa usalama. Ombi halitakataliwa kwa sababu ya kuchelewa peke yake."
Sababu: Uganda na Kenya ni siku 30. Anayeogopa kuchelewa anajificha, na anayejificha hajulikani, jambo ambalo ni baya pia kwa usalama.

Umeona ile sentensi ya mwisho? Kila sababu ya huruma ifungie na sababu ya serikali: usalama, gharama, takwimu. Sio unafiki. Anayesoma ana bosi wake, mpe kitu cha kumwambia bosi.

Hasira acha nyumbani, na neno "wazungu wametuagiza" usiliweke, wala "wakimbizi ni wahalifu", moja ya hayo na umeharibu kurasa zote. Kiswahili kinatosha kabisa, wanafunzi wetu wawili wa chuo kikuu cha SAUT walitaka tuandike Kiingereza cha kung'arisha, mama wa dagaa akawauliza, nani kati yenu atamsomea mtendaji? Ikaisha. Kabla ya kupeleka msomee mtu asiyejua lolote, sisi tulimsomea kijana wa bodaboda, alipokwama ndipo tulipoandika upya.

Kupeleka

Ukisubiri muswada utoke ndo uanze kuandika umeshachelewa. Muswada unachapishwa kwenye Gazeti la Serikali, unasomwa mara ya kwanza, unapelekwa kamati ya Bunge, kamati inaita wadau, na kati ya tangazo na kikao siku ni chache mno, nauli ya Dodoma yenyewe hujaichanga. Kwa hiyo rasimu ikae tayari. Na muswada usipokuwepo bado kuna milango: Tume ya Kurekebisha Sheria inapokea maoni, Wizara ya Mambo ya Ndani ina Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, na mbunge wako ana ofisi jimboni, iwe Nyamagana au Ilemela, nenda siku za katikati ya wiki asubuhi, sio Jumatatu. Kwa yale ya kanuni na matangazo andika kwa Waziri moja kwa moja, usiyachanganye na ya Bunge kwenye barua moja, sisi tulichanganya na tukaambiwa turudi tukatenganishe.

Printi nakala mbili, moja yako. Yako igongwe muhuri wa kupokelewa na iandikwe tarehe mbele yako, hata kama karani anakwambia acha tu tutakupigia. Piga picha hapo hapo dirishani, simu ikiwa na chaji.